Mzee Hajui Kitu

SURA YA SITA

Kikasha cha sabuni kilikuwa juu ya meza ya Inspekta Barnaba, na Inspekta alikuwa akikitazama kama mtu aliyeandaliwa chura kwenye sahani.

"Hiki ndicho kilicholiza chuo kizima?"

"Ndicho, afande."

"Kikasha cha sabuni."

"Kikasha ni nguo tu. Kazi iko ndani."

Sajenti Stumai wa upelelezi alikigeuza upande wa pili. Kilikuwa kile kikasha cha plastiki ambacho wanafunzi wa bweni hubebea sabuni kwenda bafuni, rangi ya waridi, kimetobolewa ubavuni kupitisha waya bapa. Waya ulikuwa umekatwa. Aliyekitengeneza ni Fridolin, fundi redio wa Kibaoni, na alikipa jina la kiigizi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuigiza. Chuo cha ukarani kiliwahi kupewa kompyuta tano, zile ndogo za nyumbani ambazo Wazungu walizichoka ndipo wakatukumbuka. Nne zilikufa. Iliyobaki ilikuwa haiwezi kufanya lolote mpaka isome flopi, na mvua za Elnino zilikuwa zimeotesha ukungu kwenye flopi na kutu kwenye draivu ya kuzisomea. Fridolin alichukua chipu za kumbukumbu, akahamishia humo programu kutoka kwenye flopi chache zilizokuwa bado hai, akaziunganisha na kompyuta mahali pa ile draivu. Kompyuta ikiuliza, kiigizi hujibu kama vile draivu ingejibu. Kompyuta haitambui tofauti. Masomo yakaanza tena.

Jumapili asubuhi kiigizi hakikuonekana darasani. Mchana wa siku hiyo hiyo kilikutwa dukani kwa Fridolin mwenyewe, ndani ya beseni la vyuma chakavu. Tangu siku hiyo Fridolin alikuwa akilala mahabusu.

"Mchana huu nampeleka mahakamani," Barnaba alisema. "Mali imekutwa kwake. Unataka nini zaidi?"

"Nataka kujua kwa nini mtu aibe kitu alichokitengeneza."

"Ili atafutwe. Abembelezwe. Mafundi wanapenda kuombwa."

"Basi angeuchomoa waya. Una kichwa cha kuchomoa, kimebaki nyuma ya kompyuta, na yeye mwenyewe ndiye aliyekiweka. Aliyekata hakujua kwamba unachomoka."

Barnaba aliitazama ncha ya waya iliyokatwa. Kisha akakisukuma kikasha upande wa Stumai.

"Una asubuhi hii. Hakimu akishatamka rumande, mimi sina la kurudisha."

Stumai hakuhitaji kuelezwa. Kesi za namna ile zilikaa miezi. Na fundi aliyekaa rumande kwa wizi hata akirudi hapewi tena redio ya mtu.

* * *

Fridolin alikuwa ameketi sakafuni, kijana mrefu mwenye vidole vilivyojaa alama za kuungua na lehemu. Alinyanyuka haraka.

"Shikamoo, afande."

"Sisi rika moja, Fridolin. Za humu ndani?"

"Mbu."

"Nani ana ugomvi na wewe?"

"Fundi Anselim wa sokoni. Lakini Anselim ana ugomvi hata na jua, kwa kuwa linawaka bila yeye kuliunganisha."

"Mara ya mwisho kuwa chuoni?"

"Ijumaa jioni. Nilikuwa darasani na Mwalimu Yunis."

"Wawili tu?"

"Wawili tu. Mzee alikuwa anasumbua."

Kalamu ya Stumai ilisimama. Mji mzima ulimjua mzee wa Mwalimu Yunis. Aliitwa Obed, mnunuzi wa mpunga, aliyeshinda Mlimba msimu mzima na kurudi nyumbani kwa treni mara mojamoja. Alimzidi mkewe umri kiasi kwamba hata mkewe alimwita hivyo: mzee.

"Alisumbuaje?"

"Mara anakubali, mara anakataa. Mwalimu akaogopa kwamba ameshtuka."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia asiogope. Mzee hajui kitu. Anadhani bado yuko na yule wake wa zamani. Tutaendelea kumdanganya hivi hivi mpaka achoke mwenyewe." Fridolin alitabasamu. Alipouona uso wa Stumai, tabasamu likafa. "Kwani vipi, afande?"

"Huoni aibu kunisimulia?"

"Aibu ya nini? Huo ni ufundi."

Stumai alifunga mlango wa mahabusu bila kuaga. Kwa hiyo kulikuwa na mapenzi humu. Mke wa mtu, fundi kijana, na mume anayedanganywa mpaka achoke. Lakini jambo hilo halikueleza chochote. Mtu aliye na kisingizio kizuri cha kuja kila jioni kwa mke wa mtu, kwa nini akiibe kisingizio chenyewe?

Alichukua baiskeli ya kituo akaelekea sokoni.

* * *

Anselim alikuwa ametundika kibao kipya kikubwa kuliko mlango. Kilisema FUNDI MKUU. Chini yake, kwa herufi ndogo: *wengine ni wanafunzi*. Ndiye aliyekiona kiigizi kwenye beseni na kukimbia kumwambia mkuu wa chuo.

"Ulifuata nini dukani kwa Fridolin Jumapili?"

"Kuazima lehemu."

"Kwa adui yako?"

"Lehemu haina adui, dada."

"Mwenye duka alikuwepo?"

"Alikuwa kanisani. Mlango ulikuwa umefungwa." Anselim alifuta bisibisi yake kwenye suruali, ingawa ilikuwa safi. "Nikazunguka nyuma. Ubao mmoja wa dirisha ulikuwa umeachia. Nikachungulia."

"Unapokosa lehemu huwa unachungulia madirisha?"

"Nilichungulia! Nikaona ile waridi kwenye beseni, chini ya dirisha palepale. Nikaenda kusema. Kuna kosa?"

"Ulifurahi."

Redio iliyokuwa wazi mbele yake ilitoa mkwaruzo, Anselim akaizima.

"Nilifurahi, Mungu anisamehe. Mji mzima Fridolin, Fridolin. Watoto wanaimba Fridolin. Spika za kanisa nilitengeneza mimi, nani aliniambia hongera? Padri mwenyewe alisema, 'Zinasikika.' Basi. Zinasikika!"

"Kwa hiyo ukakichukua chuoni, ukakitupia kwake."

"Mimi?" Alicheka, lakini macho hayakucheka. "Dada, kile kitu kingekaa mikononi mwangu dakika tano, kingetoka kimefunguliwa. Tangu akitengeneze sijalala vizuri, nawaza amefanyaje fanyaje. Ningekiiba, ningekitoa roho kwanza nione. Hebu niambie, ndani kuna chipu ngapi?"

Stumai alikitoa kikasha mkobani. Fridolin alikuwa ameziba ukingo wote wa kifuniko kwa nta ya mshumaa ili unyevu usiingie. Nta ilikuwa nzima. Vumbi la wiki nyingi lilikuwa limeganda juu yake, halina hata alama ya ukucha.

Anselim alisogeza uso karibu mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye plastiki.

"Naomba nikishike tu."

"Hapana."

"Kidogo."

"Anselim, ulichosema kimekuokoa. Usikiharibu."

Alitoka nje akasimama juani. Kiswahili kina maneno mawili hapa na watu huyachanganya. Kijicho hutaka kilicho cha mwingine. Wivu huogopea kilicho chako. Kijicho cha Anselim kingevunja ile nta, kwa kuwa kilitaka kuona ndani. Aliyekichukua kikasha hakutaka kujua kilichomo hata kidogo. Alitaka kiondoke pale kilipokuwa, na aliyekitengeneza aondoke nacho.

Dukani kwa Fridolin alikwenda nyuma moja kwa moja. Ubao ulioachia ulikuwa na kovu jipya ukingoni, pale chuma kilipoingizwa kuung'oa. Bisibisi huacha jeraha bapa. Nondo huacha shimo pana. Kovu hili lilikuwa nusu duara, jembamba, kama vile mtu mwenye kucha za chuma ameufinya mti. Stumai aliuvuta ubao mpaka ukang'oka, akaufunga nyuma ya baiskeli.

* * *

Chuoni, dirisha la darasa lilikuwa na kovu lile lile. Mwalimu Yunis alimkuta akilipapasa kwa kidole.

"Karibu ndani, dada afande. Utaungua na jua."

Mwalimu alikuwa na macho mekundu na sauti ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza. Darasani kulikuwa na mashine za chapa ukutani, na mbele, juu ya meza ya peke yake, kitu kilichofunikwa kwa kitambaa cheupe kilichodariziwa maua.

Stumai hakuketi.

"Mwalimu, nitasema wazi. Mzee anajua?"

"Anajua nini?"

"Kwamba wewe na Fridolin mnamdanganya."

Yunis alimtazama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, alicheka.

"Kumbe Fridolin amekusimulia? Hajui kitu, maskini. Hajui mpaka leo." Alikwenda mbele akafunua kile kitambaa, akaipigapiga ile kompyuta mgongoni kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Huyu hapa. Mzee, huyu ni afande. Msalimie."

Stumai aliiangalia kompyuta. Plastiki yake ilikuwa imegeuka manjano kama jino la mvuta sigara. Nyuma yake ilining'inia nusu ya waya uliokatwa.

"Huyu ndiye Mzee?"

"Wenzake wanne wametangulia. Tungemwita nani? Anapewa kiigizi, anaamini ni ile draivu yake ya zamani. Akikataa kusoma tunasema Mzee ameshtuka. Akikubali tunasema Mzee amelala usingizi mtamu. Wanafunzi wote wanasema hivyo."

"Na mumeo unamwitaje?"

"Mzee," Yunis alijibu, na mkono wake ukabaki juu ya kompyuta.

Nje mtu alipita akisukuma baiskeli yenye mzigo wa miwa.

"Ijumaa jioni, mlipokuwa hapa, dirisha lilikuwa limefungwa?"

"Na joto lile? Lilikuwa wazi." Aliketi taratibu kwenye benchi la wanafunzi. "Dada, unawaza nini?"

"Mimi ni mpelelezi, Mwalimu. Nimeyasikia maneno hayo leo kutoka kinywani mwa Fridolin, naye hakuwa akificha kitu, na bado nilielewa vibaya. Sasa nawaza kuhusu mtu aliyeyasikia kupitia dirishani, akiwa amekuja ili ayasikie."

"Mzee... mume wangu alikuwa Mlimba. Amefika Jumapili kwa treni."

"Akirudi huwa anakuulizaje?"

Yunis alichezea pindo la kitenge chake.

"Haulizi. Anatazama. Anatazama kwanza vikombe, vilivyooshwa ni vingapi. Anatazama viti kama vimesogezwa. Siku moja nilimweleza kiigizi kinavyofanya kazi, nilifurahi sana siku hiyo, nikaeleza mpaka chakula kikapoa. Aliniambia, 'Tangu nikuoe hujawahi kunieleza kitu kwa furaha hiyo.'"

"Na mpunga anaupimaje?"

"Mpunga?" Yunis alishangaa. "Kwa bambo. Kama wanunuzi wote."

* * *

Kwenye mashine ya kukoboa, pumba zilikuwa zimetanda hewani na watu wakizungumza kwa kupaza sauti. Obed alikuwa amesimama mbele ya rundo la magunia, kifua mbele, kofia ya pama kichwani. Mkononi alikuwa na bambo lake, kile chuma chembamba kilichochongoka, chenye mfereji, ambacho mnunuzi huchomea gunia na kuvuta punje za katikati bila kulifungua. Hakununua gunia hata moja bila kulichoma. Alichoma hata magunia ya watu aliofanya nao biashara miaka mingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande."

"Pole na safari. Umefika lini kutoka Mlimba?"

"Jumapili."

"Hukupita hapa kabla ya hapo?"

"Nipite kufanya nini? Nikiwa kazini niko kazini." Alichoma gunia, akavuta, akamimina punje kiganjani, akazitafuna mbili. "Nasikia mmemshika yule mwizi."

"Tumemshika. Lakini naona atatoka leo."

Taya la Obed lilisimama.

"Atatokaje? Mali imekutwa kwake."

"Mwalimu Yunis anamtetea. Nimetoka kwake sasa hivi, macho mekundu. Amelia mpaka machozi yameisha."

Bambo liliingia kwenye gunia jipya, safari hii mpaka mpini.

"Amelia."

"Sana."

"Mimi nilipougua homa ya tumbo alinipikia uji. Hakulia." Alilichomoa bambo bila kutazama punje. "Msimsikilize mwanamke yule. Hamjui anavyodanganya."

"Mzee, usikasirike nikikuambia. Mji mzima unaelewa mambo ya pale chuoni. Ninavyoona mimi, wewe peke yako ndiye hujui kitu."

Ilikuwa kama ametupa kiberiti kwenye pumba.

"Na wewe unasema hivyo hivyo?" Obed alifoka. Wapakiaji waligeuka. "Mzee hajui kitu! Anadhani bado yuko na yule wake wa zamani! Tutamdanganya mpaka achoke mwenyewe! Nichoke mimi? Mimi? Nimesimama hapo nje, mbu wananila, mke wangu anacheka ndani kicheko ambacho nyumbani kwangu sijawahi..."

Mashine iliendelea kunguruma.

"Ulisimama nje lini, mzee?" Stumai aliuliza kwa upole.

Obed alilitazama gunia. Punje zilikuwa zikichuruzika kutoka kwenye tundu alilolitoboa, naye hakuweka mkono kuliziba.

"Maneno hayo yalisemwa Ijumaa jioni," Stumai alisema. "Mara moja tu. Wewe umefika Jumapili."

Akaufungua ubao kutoka kwenye baiskeli, akamwomba bambo. Obed alimpa kama mtu anayempa mwenzake kikombe cha maji. Stumai aliingiza ncha kwenye kovu la ubao. Ile nusu duara ililipokea bambo na kutulia nalo, pasipo nafasi ya kupitisha hata unywele.

"Kwa nini hukumwuliza mkeo?"

"Mtu wa umri wangu aulize?" Sauti ilikuwa imeshuka mpaka Stumai akalazimika kusogea. "Ukiuliza umekwisha kushindwa. Nilishuka Ijumaa bila kumwambia mtu, nikafikia kwa rafiki. Nilitaka kuona kwa macho. Nikasikia. Siku ya pili nikasema, kile kikasha ndicho kinachomleta. Kikiondoka, na yeye akifungwa, jioni zake zitarudi nyumbani." Alivua kofia, akaipukuta pumba. "Sikutaka kitu chake. Nilitaka changu."

"Twende chuoni kwanza, mzee. Kuna mtu unapaswa kumjua."

* * *

Barnaba alimleta Fridolin kwa gari lililokuwa limeandaliwa kwenda mahakamani. Hakuuliza maswali mengi. Alitazama ubao, akatazama bambo, akamtazama Obed aliyesimama mlangoni mwa darasa kati ya askari wawili, kisha akatoa ufunguo wa pingu na kuzifungua kwenye mikono ya fundi. Akabaki nazo zikining'inia kidoleni.

Fridolin hakumtazama mtu. Alisugua viganja, akaomba pasi yake ya lehemu, akaipasha kwenye jiko la mkaa la mlinzi. Aliunga waya, mmoja baada ya mwingine, mgongo ameupinda, moshi mwembamba ukimpita puani. Darasa zima lilinuka lehemu. Wanafunzi walikuwa wamejaa dirishani, palepale mtu mwingine aliposimama Ijumaa.

"Hiki ni nini?" Obed aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndicho ulichokiiba," Stumai alijibu. "Hukukitazama?"

"Sikutaka kukitazama."

"Kazi yake ni kumdanganya aliye mbele yake aamini yuko na mwenzake wa zamani. Angalia."

Fridolin alichomeka kichwa cha waya nyuma ya kompyuta. Akarudi hatua moja na kumwachia Mwalimu nafasi. Yunis alikaa mbele ya meza. Alikuwa amempa mumewe mgongo tangu alipoingia, na hakugeuka. Aliwasha swichi. Kioo kilibaki cheusi. Wanafunzi waliacha kunong'ona.

Yunis aliinama kidogo, akaweka kiganja juu ya ile plastiki ya manjano, na sauti iliyomtoka ilikuwa laini, ile ambayo mtu aliyesimama nje ya dirisha angeweza kuinunia maisha yake yote.

"Mzee," alisema. "Mzee wangu, amka."

"Naam," Obed aliitika mlangoni.

Aliitika kabla ya kufikiri, kwa mazoea ya miaka. Wakati uleule kioo kikawaka, rangi ya samawati ikakijaza, na herufi zikaanza kujipanga zenyewe. Dirishani wanafunzi walipiga makofi, kisha mmoja baada ya mwingine wakaacha.

Yunis alisoma kilichoandikwa mpaka mwisho. Ndipo akageuka.

"Sikukuita wewe, Obed."